Mkono Unaosema



Watu wengi wanafikiri kwamba kutosikilizana kunatoka katika lugha. Wanasema: «Kama yule angejua lugha yetu, tungepatana.» Kweli, lugha ni kitu kikubwa. Katika nchi yetu ya Kongo kuna lugha zaidi ya 200, na kila mtu aliyesafiri mbali na kwao anajua taabu ya kufika mahali ambapo hata kuomba maji ya kunywa ni kazi.

Lakini tuulizane: je, wale wanaosema lugha moja wanasikilizana siku zote? Mume na mke waliozaliwa kijiji kimoja, je, hawakosani? Ndugu wawili walionyonya ziwa moja, je, hawapitani njiani bila salamu? Basi ukuta unaotenga watu si lugha peke yake. Kuna kitu kingine, nacho ni kigumu kuliko lugha, kwa sababu mtu hakijui kama anacho.

Leo tunataka kuchungua jambo hilo kwa njia ya sinema moja ya kuchekesha. Msishangae. Mchekeshaji mwema ni kama mzee anayesimulia hadithi ya sungura na fisi: watoto wanacheka, lakini wakiisha kulala, wakubwa wanabaki na kitu cha kufikiri.

Sinema hiyo inaitwa City Lights, maana yake Taa za Mji. Kwa Kifaransa inajulikana kwa jina la Les Lumières de la ville. Aliyeitengeneza ni Charles Chaplin, yule ambaye sisi wa nchi za Kifaransa tumezoea kumwita Charlot.

Mtu aliyekataa kusema

Chaplin alizaliwa Uingereza tarehe 16 Aprili 1889, akakulia London katika umaskini mkubwa. Mama yake, Hannah, alikuwa mwimbaji wa jukwaani. Siku moja katika mwaka 1894, mjini Aldershot, sauti yake ilikatika katikati ya wimbo, watu wakaanza kumzomea. Mtoto wake Charlie, mwenye umri wa miaka mitano, akapelekwa jukwaani kuimba mahali pake. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mama yake huyo alikuwa na desturi ya kukaa dirishani, kuwatazama wapita njia na kuwaiga. Kwa mwendo wa mtu na kwa uso wake tu, mama alikuwa anaeleza habari zake. Hivyo mtoto alijifunza mambo mawili mapema sana: ya kwanza, sauti inaweza kumwacha mtu njiani, ya pili, mwili unaendelea kusema hata sauti ikinyamaza.

Charlot, yule maskini mwenye kofia ya duara, koti la kubana, suruali pana, viatu vikubwa na fimbo nyembamba, alionekana katika sinema mara ya kwanza mwaka 1914. Wakati ule sinema hazikuwa na sauti. Watu waliona midomo ikicheza tu, na maneno machache yaliandikwa kati ya picha na picha. Lakini mwaka 1927 ilitoka Marekani sinema iitwayo The Jazz Singer, ambayo ndani yake watu walisikia sauti ya mwimbaji. Tangu hapo mambo yakageuka upesi. Kila mtengenezaji alitaka sinema ya kusema.

Chaplin hakukubali. Alianza kupiga picha za City Lights mwishoni mwa mwaka 1928, akafanya kazi hiyo kwa muda wa karibu miaka miwili, na sinema ikaonyeshwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 30 Januari 1931. Kwa wakati ule karibu sinema zote mpya za Marekani zilikuwa zinasema. Yeye alitia muziki, ambao kwa sehemu kubwa aliutunga mwenyewe, na sauti chache za kuchekesha, lakini maneno ya kinywa hakutia hata moja. Sababu yake ni rahisi kufahamu. Charlot asiyesema alikuwa mtu wa nchi zote. Siku ambayo angefungua kinywa na kusema Kiingereza, angekuwa Mwingereza au Mmarekani, na wengine wote wangebaki nje ya mlango.

Tazameni namna sinema yenyewe inavyoanza. Wakubwa wa mji wamekusanyika kufunua sanamu kubwa ya mawe. Bwana mkubwa anasimama kuhutubu. Anafungua kinywa, na tunasikia nini? Kelele tu, kama mtu anayepuliza kijani kati ya meno: kwe-kwe-kwe! Bibi mmoja anafuata, naye vile vile, ila kwa sauti nyembamba zaidi. Watazamaji wanacheka, kwa sababu wote tumekwisha kukaa mbele ya hotuba za namna hiyo. Hakuna neno tulilosikia, lakini tumefahamu yote: kifua kilichojazwa upepo, mkono unaopungwa hewani, tabasamu ya kujipenda. Kiisha kitambaa kinavutwa, na kumbe! Juu ya magoti ya sanamu amelala maskini Charlot, usingizi mzito. Yeye hakualikwa, wala hasemi neno, lakini mara moja watu wote wanamtazama yeye.

Mlango wa motokari

Sasa tufike kwenye kiini cha hadithi. Charlot anatembea mjini, barabara imejaa motokari zilizosimama. Amemwona polisi, naye hapendi kukutana na polisi. Basi anaingia katika motokari moja nzuri kwa mlango wa upande huu, anatoka kwa mlango wa upande wa pili, na kuufunga. Karibu na hapo ameketi msichana anayeuza maua. Msichana huyo ni kipofu. Amesikia mlango wa motokari ya kitajiri ukifungwa, amesikia hatua za mtu aliyeshuka. Anafikiri: bwana tajiri huyo. Anamnyoshea ua.

Charlot hajui bado kwamba msichana haoni. Ua linaanguka chini. Yeye analiokota, lakini msichana anaendelea kupapasa chini kulitafuta. Hapo ndipo Charlot anafahamu. Uso wake unabadilika, anavua kofia. Anatoa feza yake, pengine feza ya mwisho aliyokuwa nayo. Msichana anatafuta chenji ya kumrudishia. Wakati huo huo tajiri wa kweli anarudi, anaingia katika motokari yake, anafunga mlango na kwenda zake. Msichana anasikia mlango, anafikiri: bwana wangu ameondoka na kuniachia chenji. Charlot amesimama hapo hapo, mbele yake. Angeweza kusema: «Mimi hapa, mama.» Lakini kama angesema, angeharibu furaha ya yule binti. Basi ananyamaza, anaondoka kwa ncha ya vidole vya miguu.

Wanaoandika habari za sinema wanasema kwamba kipande hicho kifupi kilimtesa Chaplin kuliko vyote, akakipiga zaidi ya mara 300. Hakujua namna gani kipofu atamfikiri maskini kuwa tajiri, bila kusema neno, tena watazamaji wafahamu mara moja. Dawa aliyoipata ilikuwa mlango wa motokari. Na hapa kuna jambo la ajabu: sisi watazamaji hatuusikii mlango huo! Sinema haina sauti yake. Msichana anasikia asichokiona, na sisi tunaona tusichokisikia. Kwa hiyo sisi tunajua kosa lake, naye hajui.

Ndugu wasomaji, katika mlango huo mna fundisho lote. Msichana hakudanganywa na mtu. Charlot hakumwambia uongo. Masikio yake yalisikia vizuri kabisa: mlango ulifungwa kweli, na mtu alishuka kweli. Kosa halikuwa katika masikio, lilikuwa katika ule mruko wa fikira, kutoka katika mlango mpaka katika mtu. Alisikia mlango, akafikiri amemsikia mtu.

Na sisi je? Tunasikia namna mtu anavyotamka neno moja, nasi tunasema: «Ah, huyu ni wa upande ule, tunawajua.» Tunaona viatu vilivyochoka, nasi tunasema: «Huyu hana akili.» Tunamwona mtu akinyamaza, nasi tunasema: «Huyu ana kiburi», au: «Huyu hafahamu.» Mlango wa motokari umefungwa, nasi tumekwisha kumaliza hesabu.

Rafiki wa usiku

Usidhani kwamba kosa hilo ni la vipofu tu. Ndani ya sinema yumo tajiri mwenye macho mazima. Usiku mmoja amelewa, ana huzuni, anataka kujitupa mtoni na jiwe shingoni. Charlot anamwokoa, ingawa anaingia majini mara mbili kwa kazi hiyo. Tajiri anamkumbatia, anamwita ndugu, anampeleka nyumbani kwake, anampa nguo na hata motokari. Lakini asubuhi, pombe ikiisha kutoka kichwani, anamtazama kama mtu asiyemwona maisha yake yote. «Huyu nani?» Mtumishi wa nyumba anamfukuza. Usiku unaofuata amelewa tena: «Rafiki yangu!» Asubuhi tena: «Mtoeni huyu!»

Watu wanacheka sana hapo, na inafaa kucheka. Lakini fikirini: mwenye macho anashindwa kumtambua mtu aliyemwokoa na kifo. Macho yake yako wazi, lakini asubuhi yanaona matambara tu. Wahenga walisema: Asiyekujua hakuthamini. Hapa tuongeze: hata aliyekujua jana usiku anaweza kukosa kukujua leo asubuhi, kama alikujua kwa pombe tu.

Charlot mwenyewe hakuponyoka katika kosa hilo. Tajiri anampeleka mahali pa kucheza dansi. Wanatokea mwanamume na mwanamke wanaocheza mchezo wa kusukumana na kuvutana kwa ukali, kwani ndivyo dansi yao ilivyo. Charlot anaona mwanamke anapigwa. Anainuka kwa hasira kumtetea. Moyo wake ni mwema kabisa, na amekosea kabisa. Ishara ya mwili nayo ni lugha, na asiyejua desturi ya mahali anaweza kuifasiri vibaya. Kwetu mtoto anayeinamisha macho mbele ya mkubwa anaonyesha heshima. Kwa Wazungu wengi mtoto wa namna hiyo hufikiriwa kuwa anaficha jambo. Macho yale yale, na watu wawili wanasoma maneno mawili mbalimbali.

Kwa hiyo tusiseme upesi kwamba ishara ni bora kuliko maneno. Maneno yanadanganya, ishara zinadanganya, masikio na macho yanadanganya. Basi tutapata wapi pa kushika?

Walipoona vijana wetu

Kabla ya kujibu, tusimulie jambo moja. Tulipata kuonyesha sinema hii kwa vijana na wazee, jioni, kitambaa cheupe kimetundikwa ukutani. Maneno yaliyoandikwa ndani yake yalikuwa ya Kifaransa, na zaidi ya nusu ya waliokuwapo hawakuweza kuyasoma. Tulikuwa tumemweka kijana mmoja kuyatafsiri kwa Kiswahili. Baada ya robo saa kijana huyo aliacha kutafsiri, kwa sababu watu walimwambia: «Nyamaza, tunasikia!» Walisema tunasikia, na hapakuwa na neno la kusikia.

Walicheka wote pamoja, Mshi na Mrega, Mluba na Mbembe, mama mzee na mtoto wa shule. Walicheka Charlot alipomeza firimbi karamuni, akashikwa na kwikwi, na kila kwikwi ikapiga firimbi tumboni mwake, mpaka mwimbaji akashindwa kuimba, na mbwa wa barabarani wakaja mbio kwa kufikiri wanaitwa. Walinyamaza wote pamoja pia. Yule msichana anapokunja uzi wa sufu nyumbani kwake, anashika kwa bahati mbaya uzi wa nguo ya ndani ya Charlot, anauvuta na kuukunja, na nguo inafumuka kidogo kidogo mwilini mwa maskini yule. Naye hasemi kitu, asije akamtahayarisha binti. Watu walianza kwa kicheko, kisha kicheko kikapungua. Mama mmoja nyuma yetu alisema polepole: «Anampa hata nguo yake.»

Katika Kongo yetu si mara ya kwanza kwa kicheko kupita juu ya mpaka wa lugha. Katika miaka ya 1950 Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Kasai sinema fupi za wachekeshaji wawili, Matamata na Pilipili, na waliozitazama walizipenda sana. Mwili unaoteleza na kuanguka hauhitaji mkalimani.

Mkono

Sasa tumalize hadithi ya msichana. Charlot anafagia barabara, anapigana ngumi uwanjani, anafanya kila kazi apate feza za kumlipia nyumba na za kumpeleka kwa mganga anayejua kuponya macho. Mwisho yule tajiri, amelewa, anampa dolari 1000. Lakini baadaye tajiri hakumbuki tena, na Charlot anahesabiwa kuwa mwizi. Anakimbia, anafika kwa msichana, anatia feza mkononi mwake. Binti anabusu mkono ule. Kiisha Charlot anakamatwa na kutiwa bolokoni.

Miezi inapita. Charlot anatoka. Nguo zake sasa ni matambara matupu, na fimbo hana tena. Watoto wanaouza magazeti wanamchokoza barabarani. Pale kando kuna duka zuri la maua, na ndani ya dioo amekaa msichana wetu. Amepona, anaona. Kila bwana mzuri anayeingia dukani anamtazama kwa matumaini: pengine ndiye yule mfadhili wangu? Sasa anamwona nje maskini mchafu anayemkazia macho. Anacheka, kama watu wanavyocheka kichaa wa sokoni.

Angalieni vema, wapenzi wasomaji. Alipokuwa kipofu, masikio yalimdanganya. Sasa amepata macho, na macho nayo yanamdanganya. Mganga aliweza kufungua macho yake, lakini ile picha ya tajiri aliyoitengeneza mwenyewe moyoni hakuna mganga aliyeiondoa. Jioni ile ukutani kwetu, mtoto mmoja alishindwa kuvumilia, akapaaza sauti: «Ndiye huyo! Ndiye!» Lakini msichana wa sinema hawezi kusikia.

Kwa huruma binti anatoka nje, anamtolea ua na kipande cha feza. Charlot anataka kukimbia. Binti anamshika mkono, anatia feza katika kiganja chake, na vidole vyake vinagusa vidole vya yule mtu. Vinasimama hapo. Vinapapasa tena. Kicheko kinaondoka usoni. Mkono huo anaujua. Vidole vinapanda polepole juu ya koti, kama zamani alipokuwa haoni. Anauliza kama ndiye. Charlot anaitika kwa kichwa, naye anauliza kama sasa anaona. Anajibu ndiyo, sasa anaona. Sinema imekwisha. Hatuambiwi walioana, wala hatuambiwi waliachana.

Kwa nini mkono haukudanganya, na masikio na macho yamedanganya? Si kwa sababu ngozi ina akili kuliko jicho. Mlango wa motokari ulikuwa kitu cha mara moja, na matambara vile vile: aliyasikia au aliyaona, akahukumu. Lakini mkono aliujua kwa mazoea. Mkono huo ulimshika alipopanda ngazi, ulimletea chakula, ulitia feza katika kiganja chake. Alikuwa ameujua kwa matendo, tena kwa siku nyingi. Basi hapo ndipo pa kushika. Tutamfahamu mtu si kwa ishara moja, hata iwe nzuri namna gani, bali kwa kukaa karibu naye mpaka ishara zake tuzijue kama tunavyojua njia ya kisimani.

Shangazi yetu

Mtu atasema: «Hayo ni ya sinema.» Hapana. Katika ukoo wetu alikuwapo shangazi, mama mwenye maneno mengi na vicheko, muuzaji wa samaki wakavu sokoni. Siku moja alianguka. Upande wa kuume ukapooza na usemi ukakatika wote. Waganga wanaeleza kwamba usemi wa watu wengi unatawaliwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huo huo ndio unaotawala mkono na mguu wa kuume. Damu ikikosa kufika hapo, vyote viwili vinaweza kufa pamoja. Lakini kukosa kusema si kukosa kufahamu. Wagonjwa wengine wa namna hiyo wanasikia na kufahamu mengi, ila neno haliwatoki, au linatoka lingine wasilolitaka.

Wageni walikuja kumpa pole. Wengine walimpigia kelele sikioni kama kiziwi, na masikio yake yalikuwa mazima. Wengine walisema habari zake mbele yake kama mtu asiyekuwapo. Walisikia mlango wa motokari: hasemi, basi hafahamu. Kiisha likaja shauri la kiwanja chake. Jamaa wengine walitaka kiuzwe. Walisema: «Yeye hana akili tena, tutamwuliza nini?» Karatasi zilikuwa tayari, na mnunuzi alikuwa amewekewa siku.

Mjukuu wake wa miaka minane ndiye aliyezuia. Mtoto huyo alimpaka bibi yake mafuta mkononi kila jioni, mkono wa kushoto ule uliobaki na nguvu, huku akimsimulia mambo ya shule. Alituambia: «Bibi anasikia. Akifurahi ananibana mara moja, asipotaka anabana mara mbili.» Wengine walicheka. Basi tukajaribu mbele ya wote. Mjomba akauliza: «Dada, mimi ni mdogo wako Petro?» Akabana mara mbili, kwa sababu Petro hakuwa jina lake. «Tuko nyumbani kwako?» Mara moja. Tukauliza mambo mengine matatu manne, mengine ya kweli, mengine ya uongo, naye hakukosea. Mwisho, nyumba yote kimya, mjomba akauliza: «Kiwanja tukiuze?» Alibana mara mbili, kwa nguvu, na machozi yakamtoka. Siku ya tatu tukauliza tena, jibu lilikuwa lile lile.

Kiwanja hakikuuzwa. Aliishi miaka miwili zaidi, maharagwe yaliyolimwa pale yakamsaidia kula, na watoto wake wako hapo hata leo. Wahenga walisema: Kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini mshindo wa shangazi yetu ulikuwa mdogo sana, wa vidole viwili vitatu. Asiyekuwa na mkono wake ndani ya mkono ule asingeusikia.

Tufanye nini?

Tusiishie kucheka na kulia. Yako mambo manne tunayoweza kufanya, kila mtu nyumbani kwake.

La kwanza: tukisikia mlango, tuseme nimesikia mlango, tusiseme nimemjua mtu. Tutenge kile tulichokiona na kile tulichokifikiri. Mtu amenipita bila salamu: hilo nimeliona. Ananichukia: hilo nimelifikiri. Labda amefiwa. Labda macho yake yanaanza kufa.

La pili: tuulize. Ishara isiyoulizwa ni kama barua isiyofunguliwa. Tena tuulize kwa njia ambayo mwenzetu anaweza kujibu. Kwa aliyekosa usemi tuulize maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, na kumngojea bila haraka. Kwa kiziwi tusimame mahali penye mwanga, aone uso na midomo yetu. Kwa kipofu tuseme jina letu tunapofika, na tumwage tunapoondoka, asibaki akiongea na hewa. Kwa mgeni wa lugha nyingine tuseme polepole, maana kelele haitafsiri neno.

La tatu: tusiseme habari za mtu mbele yake kama amekwisha kufa. Mgonjwa, mzee, mtoto mdogo, asiyejua lugha ya kikao, hao wote wanasoma nyuso zetu kuliko tunavyodhani. Ukimgeuzia mtu mgongo, umekwisha kumwambia neno, na neno hilo atalikumbuka.

La nne: tukae karibu. Yule mjukuu hakuwa na elimu kuliko wakubwa. Alikuwa na chupa ya mafuta, na nafasi kila jioni. Hekima yake yote ilitoka hapo.

Chaplin alifariki tarehe 25 Desemba 1977 katika nchi ya Uswisi, na sinema yake inaendelea kuzunguka dunia, siku hizi hata ndani ya simu za mkononi. Mkiipata, itazameni pamoja na watoto wenu. Waacheni wacheke watakavyo. Lakini picha ya mwisho ikifika, pale vidole vinapokutana na vidole, waulizeni swali moja: «Je, katika nyumba yetu yuko nani ambaye tunamwona kila siku, na hatujamjua?»

Kisha mwende mkamshike mkono.